Mtungaji Nyuma ya Picha

Wapo wasomaji wengi wapendao hadithi za picha, lakini ni wachache wajuao kwamba hadithi hizo huandikwa kabla ya kuchorwa. Mwulize mwanafunzi ni nani aliyetunga hadithi anayoisoma, naye atakutajia mchoraji. Mwambie kwamba huenda yuko mtu mwingine, aliyekaa mezani na kalamu yake siku nyingi kabla mchoraji hajachonga penseli, naye atakutazama kama mtu anayetaniwa. Hata wazazi wetu wamkumbukao Chakubanga wa gazeti la Uhuru, na kaka na dada zetu waliokua wakisoma Sani, hutaja picha kwanza. Si ajabu, kwa kuwa jicho huona picha kabla ya kusoma neno.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza kazi ya huyo mtu mwingine. Nimemchagua Bibi Joye Hummel wa Marekani awe mfano, kwa sababu mbili. Kwanza, alianza kazi hii akiwa na umri wa miaka 19, yaani miaka miwili tu zaidi ya umri wangu. Pili, aliifanya kwa muda wa miaka mitatu, akatunga hadithi zaidi ya 70 zilizosomwa na watoto wengi mno, na jina lake halikuchapwa juu ya hata moja.

Kabla sijasimulia habari zake, yafaa nieleze kazi yenyewe, maana bila kuijua mtu hawezi kupima alichokifanya. Mtungaji wa hadithi za picha hachori. Huandika karatasi ambazo msomaji hatazisoma kamwe. Zasomwa na mhariri na mchoraji tu. Katika karatasi hizo kila ukurasa hugawanywa katika vyumba, yaani ile miraba ambayo kila mmoja una picha yake. Kwa kila chumba mtungaji hueleza mambo mawili: kinachoonekana, na kinachosemwa. Huu hapa ni mfano mdogo nilioutunga mwenyewe:

Chumba cha 1. Jikoni, asubuhi. Mama amesimama mlangoni ameshika ungo mtupu. Kuku wawili wako juu ya meza. MAMA: Nani aliyeacha mlango wazi?

Chumba cha 2. Uso wa Rehema peke yake, kwa karibu. Anatazama dari. REHEMA: Labda ni upepo, mama.

Chumba cha 3. Twaona mlango tena. Nyuma yake amejificha mdogo wake Rehema, andazi mkononi. Hakuna maneno.

Msomaji ataona kwamba katika chumba cha tatu mtungaji hakuandika neno lolote la kusemwa, na hapo ndipo mzaha ulipo. Kama angemtia Rehema maneno ya kusema, "Kumbe ni mdogo wangu aliyekuja kuiba andazi," picha ingekuwa haina kazi. Kurudia kwa maneno kile ambacho jicho limekwisha kukiona ni kosa kubwa katika kazi hii. Kosa la pili, ambalo karibu kila mwanzo hulifanya, ni kuandika hivi: "Juma anaingia, anaketi, anakula, anaondoka." Katika hadithi ya kawaida sentensi hiyo haina ubaya. Katika hadithi ya picha haichoreki, kwa sababu chumba kimoja huonyesha kitambo kimoja tu cha wakati. Mchoraji atauliza: nimchore akiingia au akila? Basi mtungaji lazima achague, na kuchagua huko ndiko utunzi wenyewe.

Tena iko hesabu ya maneno. Kile kiputo kinachotoka kinywani mwa mtu katika picha ni kidogo, na kikijazwa maneno hufunika uso wa msemaji. Iko pia hesabu ya kurasa. Jambo la kushtusha likiwekwa katikati ya ukurasa wa kulia, jicho la msomaji hulidaka kabla hajalifikia. Kwa hiyo mtungaji mwenye akili huliweka upande wa pili, mwanzoni, ili msomaji alikute anapofunua. Mwanafunzi aliyezoea kuandika insha ya kurasa mbili huenda akaona kwamba hii ni kazi nyepesi. Ajaribu.

Sasa nirudi Marekani. Katika mwaka 1940 vitabu vya hadithi za picha vilikuwa vikiuzwa huko kwa senti 10 kimoja, na watoto walivinunua kwa mamilioni. Wazazi na waalimu walianza kuvilalamikia. Mwandishi mmoja wa gazeti la Chicago aliviita fedheha kwa taifa zima. Mwezi Oktoba mwaka huo huo gazeti la Family Circle lilitoa mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, yaani elimu ya mambo ya nafsi, Dakta William Moulton Marston. Yeye alisema kwamba vitabu vile vina nguvu ambayo yaweza kutumiwa kwa mema. Bwana M. C. Gaines, aliyekuwa akichapisha vitabu hivyo, aliposikia habari hizo alimwajiri Dakta Marston kuwa mshauri wake.

Dakta Marston alikuwa mtu wa mambo mengi. Tangu mwaka 1917 alikuwa ameandika juu ya namna ya kumtambua mtu mwongo kwa kupima mwendo wa damu yake. Alipoitazama kazi ya Bwana Gaines aliona kwamba mashujaa karibu wote ni wanaume wapigao ngumi. Akataka kutunga shujaa mpya. Yasemekana mkewe, Bibi Elizabeth Holloway Marston, ambaye alikuwa na shahada ya sheria, ndiye aliyesema shujaa huyo awe mwanamke. Hivyo alizaliwa Wonder Woman, yaani Mwanamke wa Ajabu, aliyetokea mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1941. Alitoka katika kisiwa wanakoishi wanawake watupu, alivaa bangili zizuiazo risasi, na alikuwa na kamba ya dhahabu ambayo aliyefungwa nayo hulazimika kutii. Mwenye kuijua kazi ya Dakta Marston juu ya waongo hatashangaa wazo la kamba hiyo lilitoka wapi. Mchoraji wake alikuwa mzee Harry G. Peter.

Watu wengi husema kwamba wavulana hawataki kusoma habari za shujaa wa kike. Jambo hili halina haja ya kubishaniwa kwa makelele, kwa kuwa lilipimwa. Katika mwaka 1942 wachapishaji waliwauliza wasomaji wao kama Wonder Woman aingizwe katika chama cha mashujaa kilichokuwa cha wanaume watupu. Katika majibu 1,801 ya kwanza, wavulana 1,265 na wasichana 333 walikubali. Waliokataa walikuwa wavulana 197 na wasichana 6. Basi akaingizwa. Lakini mtungaji wa hadithi za chama kile hakuwa Dakta Marston, alikuwa mwanamume mwingine, na katika mikono yake yule mwanamke awezaye kunyanyua gari kwa mkono mmoja akapewa kazi ya ukarani wa chama. Wenzake wakienda vitani, yeye alibaki akijibu barua! Nalitaja jambo hili kwa sababu laonyesha wazi nguvu ya mtungaji. Mchoraji aweza kumchora mtu mwenye misuli ya simba. Akina nani watakwenda, na nani atabaki ofisini, huamuliwa na yule aandikaye.

Kufikia mwaka 1944 Wonder Woman alikuwa akitokea katika vitabu kadhaa, na mwezi Mei mwaka huo hadithi zake zilianza kutoka pia kila siku katika magazeti. Kazi ilikuwa imemzidi Dakta Marston. Wakati huo alikuwa akifundisha saikolojia katika chuo cha ukarani cha Katharine Gibbs mjini New York. Chuo hicho kilisifika sana kwa kufundisha wasichana kupiga taipu na kuandika barua za ofisini, na kilisifika pia kwa adabu: wasichana wake walivaa kofia na glovu nyeupe. Mmoja wao alikuwa Joye Hummel, aliyezaliwa tarehe 4 Aprili 1924. Dakta Marston alipousoma mtihani wake alipendezwa sana na majibu yake. Akamwalika chai, akamweleza kwamba anatafuta msaidizi wa kutunga. Mtu mzima wa miaka hamsini, alisema, hajui tena jinsi vijana wanavyozungumza.

Napenda tuitazame vizuri sababu hiyo. Hakumchukua kwa huruma, wala kwa kuwa alikuwa mpiga taipu hodari, ingawa mwanzoni kazi yake ilikuwa kupiga taipu hadithi alizotunga mwenyewe. Alimchukua kwa sababu msichana wa miaka 19 alikuwa na kitu ambacho msomi mwenye shahada ya udaktari ya Harvard hakuwa nacho, yaani masikio ya kijana. Maneno ya vijana huchakaa upesi. Ayaandikaye kwa kukisia hugunduliwa mara moja na wasomaji wake, kama vile sisi tumgunduavyo mtu mzima anayejaribu kusema kama sisi.

Ofisi ilikuwa katika barabara ya Madison mjini New York. Huko Bwana Peter alichora akisaidiwa na wasichana wengine. Bibi Hummel alijifunza kazi kwa kuzipiga taipu hadithi za mwalimu wake, na nadhani ni njia njema, maana mwenye kunakili ukurasa wote kwa vidole vyake huona jinsi ulivyojengwa. Alipewa pia kitabu cha kusoma. Bibi Olive Byrne, aliyekuwa akiishi katika nyumba ya akina Marston, alimpa kitabu cha mwaka 1920 cha Bibi Margaret Sanger, dada wa mama yake, kinachotetea uhuru wa wanawake. Alimwambia kwamba akikisoma hicho atajua yote ayatakayo juu ya Wonder Woman. Kwa hiyo hakuambiwa kwanza nguvu za shujaa ni zipi, wala rangi za nguo zake. Aliambiwa shujaa huyo aamini nini.

Mwezi Agosti mwaka 1944, miezi michache tu baada ya msichana huyu kuajiriwa, Dakta Marston alishikwa na polio. Miguu yake ilipooza, naye hakutembea tena kama zamani. Hadithi hazikuweza kungoja. Mchoraji alihitaji karatasi mezani, na mashine za kuchapa zina siku zake. Tangu hapo mzigo mkubwa wa utunzi uliwekwa juu ya Bibi Hummel. Alikuwa akisafiri hadi Rye, nje ya New York, kushauriana na mgonjwa kitandani pake, akirudi mjini na kazi ya kumpelekea mhariri, Bwana Sheldon Mayer.

Mojawapo ya hadithi zake za kwanza ilitoka katika kitabu cha 12 cha Wonder Woman, mwanzoni mwa mwaka 1945. Ndani yake wamo wasichana wenye mabawa wakaao katika sayari ya Zuhura, na wamo pia wafanyabiashara wa hapa duniani wapendao vita kwa sababu vita huwaletea faida. Vita Kuu ya Pili ilikuwa bado haijakwisha. Msichana wa miaka 20 alikuwa akiwaeleza watoto, katika kitabu cha senti 10, kwamba si kila anayepiga ngoma ya vita anaipenda nchi yake. Vitabu vingi vya watu wazima vya wakati ule havikusema hivyo.

Ilikuwapo tofauti kati yake na mwalimu wake. Dakta Marston alipenda mno kuwafunga watu kamba na minyororo katika hadithi zake, hata baadhi ya washauri wa kampuni wakalalamika. Hadithi za Bibi Hummel hazikuwa na mambo hayo kwa wingi. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mhariri alizipitisha zake upesi zaidi kuliko za mwalimu. Wako wasemao kwamba msaidizi huiga tu. Mimi naona kwamba kama mhariri aliweza kuzitofautisha, basi zilikuwa zake.

Hata hivyo juu ya kila hadithi lilichapwa jina la "Charles Moulton". Mtu huyo hakuwako duniani. Moulton lilikuwa jina la katikati la Dakta Marston, na Charles lilikuwa jina la katikati la Bwana Gaines. Haki yataka niseme, basi, kwamba hata Dakta Marston mwenyewe hakutia saini jina lake kamili, na kwamba Bibi Hummel alilipwa kwa kazi yake na aliijua desturi hiyo tangu mwanzo. Siwezi kusema kwamba aliibiwa. Lakini iko tofauti. Tangu mwaka 1942 ilikuwa imetangazwa kwamba Charles Moulton ni Dakta Marston. Kila aliyetaka kujua alijua. Kwa hiyo hadithi iliyotungwa na mwanafunzi ilimwongezea sifa mwalimu, hata kama mwalimu hakuitafuta sifa hiyo. Kwa mwanafunzi, haikuacha alama yoyote ambayo mtu angeifuata.

Dakta Marston alikufa kwa kansa tarehe 2 Mei 1947. Mwaka huo huo Bibi Hummel aliolewa na mwanamume aliyefiwa na mkewe, mwenye binti mdogo, naye akaacha kazi ili amlee mtoto. Alikuwa na umri wa miaka 23. Uandishi wa Wonder Woman ulichukuliwa na Bwana Robert Kanigher, aliyeushika kwa karibu miaka ishirini. Miaka mingi baadaye Bibi Hummel alisema kwamba hata kama asingalikuwa na mtoto wa kulea angaliondoka, kwa vile hakuipenda njia ambayo shujaa wake alitakiwa kuishika. Jina la Charles Moulton liliendelea kuchapwa, ingawa wale wote waliokuwa nyuma yake hawakuwapo tena: mmoja amekufa, na mwingine yuko nyumbani anapika.

Baada ya hapo ni kimya cha muda mrefu, nami sina la kukijaza. Katika mwaka 1972 gazeti jipya la kutetea wanawake liitwalo Ms. lilimweka Wonder Woman juu ya jalada lake. Wanawake wengi wa Marekani walisema kwamba walimsoma walipokuwa watoto na kwamba aliwatia moyo. Sehemu ya yale waliyoyasoma yalitungwa na mwanamke, na wao hawakujua. Hadi mwaka 2014, mwanahistoria Jill Lepore wa Chuo Kikuu cha Harvard alipotoa kitabu chake juu ya chanzo cha Wonder Woman, habari za Bibi Hummel zilikuwa zikijulikana kwa wataalamu wachache tu. Bibi Lepore alifanya jambo jepesi ambalo lingaliweza kufanywa mapema zaidi: alizungumza na Bibi Hummel mwenyewe.

Mwaka 2018, huko San Diego, alipewa Tuzo ya Bill Finger, itolewayo kwa watungaji wa hadithi za picha. Alikuwa na umri wa miaka 94. Tuzo hii ilianzishwa mwaka 2005 na inafaa nieleze jina lake. Bill Finger ndiye aliyesaidia kumtunga Batman katika mwaka 1939 na kuandika hadithi zake nyingi za kwanza, lakini mchoraji Bob Kane peke yake ndiye aliyetajwa kwa mujibu wa mkataba. Finger alikufa mwaka 1974. Jina lake lilikuja kuwekwa rasmi pamoja na la Kane mwaka 2015, yaani miaka 41 baada ya kifo chake. Mambo haya basi hayawapati wanawake peke yao. Yampata mtu yeyote ambaye kazi yake imefichwa na picha. Mwaka ule wa 2018 tuzo ilitolewa pia kwa Bibi Dorothy Roubicek Woolfolk, aliyekuwa mhariri katika kampuni hiyo hiyo miaka ya 1940. Lakini yeye alikuwa amekwisha kufariki. Bibi Hummel aliipokea akiwa hai. Aliaga dunia tarehe 5 Aprili 2021, siku moja baada ya kutimiza miaka 97.

Msomaji aweza kuuliza: jina lina faida gani, ikiwa hadithi ilikuwa nzuri na mshahara ulilipwa? Kwangu mimi faida kubwa si ya mtungaji. Ni ya wale wanaokuja nyuma yake. Msichana aliyesoma Wonder Woman mwaka 1946 na kutamani kuandika hadithi kama hizo alitazama juu ya ukurasa akaona jina la mwanamume. Hakuwa na namna ya kujua kwamba aliyeiandika ni msichana aliyempita umri kwa miaka michache.

Tazama ilichukua muda gani. Katika mwaka 1999 Bibi Gail Simone, msusi wa nywele wa Oregon ambaye alikuwa msomaji tu, alitengeneza pamoja na rafiki zake orodha ya wanawake katika hadithi za picha waliouawa, waliojeruhiwa, au walionyang'anywa nguvu zao. Wengi walitendewa hivyo ili shujaa wa kiume apate sababu ya kukasirika. Orodha hiyo aliipa jina la jokofu, kwa sababu katika hadithi moja ya mwaka 1994 shujaa arudi nyumbani na kumkuta mpenzi wake amekufa, ametiwa ndani ya jokofu. Orodha ilizua ubishi mkubwa. Baadaye wachapishaji wakampa kazi ya kuandika, na mwishoni mwa mwaka 2007 akakabidhiwa Wonder Woman, ambaye alimwandikia hadi mwaka 2010. Jina lake lilikuwa juu ya jalada. Ni miaka sitini kamili tangu Bibi Hummel aweke kalamu chini.

Na wala tusidhani kwamba kazi hii ni ya Wamarekani. Bibi Marguerite Abouet alizaliwa Abidjan, Kodivaa, mwaka 1971, akapelekwa Ufaransa akiwa na umri wa miaka 12. Huko alifanya kazi katika ofisi ya sheria, na pembeni akitunga. Mwaka 2005 ilitoka hadithi yake ya picha juu ya Aya, msichana wa miaka 19 wa mtaa wa Yopougon, atakaye kusoma udaktari ilhali baba yake anamtafutia mume katika nyumba ya tajiri wake. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipata tuzo ya kitabu cha kwanza katika tamasha la Angoulême, ambalo ni kubwa kabisa katika Ufaransa kwa kazi za namna hii. Hamna mtu arukaye angani ndani yake. Wamo mama zetu, majirani, na wavulana wenye maneno matamu. Bibi Abouet hakuzichora picha hizo. Zilichorwa na Bwana Clément Oubrerie. Majina yote mawili yamo juu ya jalada, la mtungaji na la mchoraji, na sijasikia kwamba Bwana Oubrerie amepungukiwa na chochote kwa sababu hiyo.

Sasa nina ombi kwa Mhariri wetu. Katika toleo la muhula uliopita ukurasa wa picha uliwachekesha watu wote, hata baadhi ya waalimu, na mkasa wa mpishi na gunia la maharage ulisimuliwa bwenini kwa wiki nzima. Chini yake liliandikwa jina moja, la mchoraji, naye alistahili. Lakini maneno yote, na mpango wa vyumba vyote sita, yalitungwa na mwanafunzi mwingine wa Kidato cha Tatu. Karatasi zake nimeziona, na sentensi ya mwisho aliifuta mara nne kabla ya kuipata. Siamini kwamba mtu yeyote alikusudia kumdhulumu. Ni desturi ya ukurasa ule tangu zamani. Wala siombi kwa ajili yangu, maana mimi sijui kuchekesha, kama wenzangu wanavyoshuhudia. Naomba tu kwamba tangu toleo lijalo iandikwe: maneno ya fulani, picha za fulani. Nimeupima ukurasa ule kwa rula. Chini ya picha ya mwisho imebaki nafasi ya sentimita mbili, nayo yatosha mistari miwili.